Waliovaa Kanzu na Walioivua: Seminari za Katanga kutoka Mpala hadi Lubumbashi

Elimu ya upadre katika Katanga ni kongwe kuliko mji wa Lubumbashi. Mji ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wakati huo, mamia ya kilomita kuelekea kaskazini-mashariki, karibu na Ziwa Tanganyika, vijana wa Marungu walikuwa tayari wanakariri vitenzi vya Kilatini. Yeyote anayetaka kuielewa seminari ya Lubumbashi ya leo hana budi kuanzia huko ziwani, kwa sababu mazoea mengi ya nyumba hiyo, mazuri na mabaya, yalishika mizizi kabla Wazungu hawajachora barabara moja ya Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati wa ukoloni.

Boma la Mpala, ukingo wa magharibi wa ziwa, lilijengwa mwaka 1883 na Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo cha Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 lilikabidhiwa Wamisionari wa Afrika, shirika ambalo Kardinali Charles Lavigerie alikuwa amelianzisha Algeria mwaka 1868. Watu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Miaka miwili baadaye akaja Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, kuilinda misheni kwa bunduki dhidi ya wafanyabiashara wa utumwa. Wakristo wa kwanza walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa na wakimbizi waliotafuta usalama nyuma ya kuta za boma. Kiswahili, lugha ya misafara, kikawa lugha ya katekisimu.

Lavigerie alishikilia kwamba Afrika itaongolewa na Waafrika wenyewe. Njia yake ya kwanza haikuwa upadre. Aliwapeleka vijana waliotolewa utumwani kusomea utabibu Malta, ili warudi wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Adrien Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi, alitibu watu Karema, ng'ambo ya Mpala, tangu mwisho wa miaka ya 1880 hadi uzee wake, akafariki mwaka 1956. Kazi yake ilistahili sifa zote ilizopata. Hata hivyo mganga hawezi kuadhimisha misa wala kusikiliza maungamo, na Kanisa lisilo na mapadre wa nyumbani linabaki tawi la ng'ambo. Hapo ndipo wazo la seminari lilipopata uzito.

Seminari kama chombo ina asili yake katika Mtaguso wa Trento, ulioamuru mwaka 1563 kwamba kila jimbo liwe na nyumba ya kulelea mapadre wake. Kwa kawaida nyumba huwa mbili: seminari ndogo, yaani sekondari ya wavulana, na seminari kubwa ya falsafa na teolojia. Katika Ulaya utaratibu huo ulikuta shule nyingine zimeshasimama. Mpala haukukuta kitu. Mtoto aliyeingia alianza na alfabeti, na yeye huyo huyo alitarajiwa amalize akisoma teolojia ya maadili kwa Kilatini. Kazi ya vizazi vitatu ilisukumwa ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Victor Roelens, Mbelgiji aliyefika mwaka 1892, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1896 na kuiongoza Vikarieti ya Kongo ya Juu hadi mwaka 1941. Alikuwa mtu mkali, mwenye subira ya mkulima wa minazi. Alianzisha masomo ya seminari Mpala mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye seminari ndogo ikahamia Lusaka, kijiji cha Katanga ambacho hakina uhusiano na mji mkuu wa Zambia, na seminari kubwa ikajengwa Baudouinville, makao ya askofu, mahali panapoitwa leo Kirungu katika eneo la Moba.

Katika kundi la kwanza alikuwamo kijana wa Marungu aliyebatizwa Stefano Kaoze. Wenzake waliacha mmoja baada ya mwingine. Wengine walichoka, wengine walirudi kuoa, wengine waliambiwa na walezi kwamba wito hawana. Kaoze alibaki, akasoma kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, mingine akiwa peke yake mbele ya mwalimu wake. Tarehe 21 Julai 1917, sikukuu ya taifa ya Ubelgiji, Roelens alimpa upadre huko Baudouinville. Ndiye padre wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji.

Neno hilo la "wa kwanza" lahitaji mpaka wake. Karne nne kabla yake, upande wa Atlantiki, ufalme wa Kongo ulikuwa umemtoa Henrique, mwana wa Mfalme Afonso, ambaye Papa Leo X alimfanya askofu mwaka 1518. Uzao huo ulikatika zamani kabla Kaoze hajapewa daraja. Jirani zake nao walikuwa mbioni: Uganda ilipata mapadre wake wawili wa kwanza mwaka 1913 kutoka seminari ya Katigondo, nazo Rwanda na Bukoba zilipata wa kwao mwaka ule ule wa 1917. Papa Benedikto XV alipotoa waraka wake wa kutaka mapadre wazalendo, mwezi Novemba 1919, seminari za maziwa makuu zilikuwa zimekwisha kumtangulia.

Kaoze anastahili kukumbukwa kwa jambo jingine ambalo husahaulika kwa kuwa halina sherehe. Alipokuwa bado mwanafunzi aliandika insha kuhusu saikolojia ya Wabantu, ikachapishwa Ubelgiji mwaka 1910 na 1911 katika jarida la *La Revue Congolaise*. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Mkongo kwa Kifaransa. Ndani yake kijana wa seminari anawaeleza Wazungu jinsi watu wa kwao wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyomjua Mungu. Anazungumza kwa adabu ya mwanafunzi, huku akiwa na hakika ya mtu aliyelelewa katika mambo anayoyaeleza. Walezi wake walikusudia kumfundisha majibu; yeye akatoka na swali, nalo lilidumu Katanga kwa nusu karne.

Mwaka 1920 Roelens alimchukua Ulaya, ambako alionyeshwa kama ushahidi wa kazi ya misheni. Aliporudi alitumikia parokia, na baada ya Vita Kuu ya Pili aliketi katika Baraza la Serikali ya koloni, mahali ambapo hadi wakati huo masilahi ya Waafrika yalisemewa na Wazungu. Alifariki mwaka 1951. Hakufanywa askofu. Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, alikuwa amewekwa wakfu tangu 1939, lakini Kongo ya Wabelgiji ilisubiri hadi 1956 ndipo ikampata Pierre Kimbondo, askofu msaidizi wa Kisantu. Kati ya padre wa kwanza na askofu wa kwanza zilipita takribani miaka arobaini, na ni vigumu kuueleza ucheleweshaji huo kwa sababu za elimu, maana elimu ya Baudouinville haikuwa chini ya ile ya Katigondo. Sababu ilikuwa ya kikoloni.

Baudouinville ilikuwa shule ya kujitenga. Ilijengwa mbali na reli, migodi na masoko, na umbali huo ulihesabiwa kuwa sehemu ya malezi. Mvulana alitolewa kwao mapema ili asiharibiwe na ngoma, na mirathi ya mama, na ushauri wa wajomba. Kengele iligawa siku. Ukimya ulitawala usiku. Likizo zilikuwa chache na zilisimamiwa. Mfumo huu haukubuniwa kwa ajili ya Waafrika. Ndio uliowalea mapadre wa Flanders na Brittany. Tofauti ni kwamba kijana wa Flanders alirudi katika kijiji kilichowazoea mapadre kwa karne kumi, ilhali kijana wa Marungu alirudi kwa watu ambao hawakujua wamweke wapi: si mzee, maana hana mke wala watoto, si mtoto, maana amesoma kuliko chifu, si Mzungu, maana wanamjua mama yake.

Kusini mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Mwaka 1910 Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Katanga na kuikabidhi kwa Wabenedikti wa abasia ya Saint-André karibu na Bruges. Kiongozi wao, Jean-Félix de Hemptinne, aliishika nchi hiyo kwa miaka karibu hamsini, akawa vikari wa kitume mwaka 1932, hadi kifo chake mwaka 1958. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Élisabethville mwaka 1911, wakaanza na shule, kisha wakapewa upande wa Sakania. Wafransisko walipewa Lulua upande wa magharibi mwaka 1922. Kila shirika lililea vijana wake kwa roho ya nyumba yake, na mpaka leo wazee wa Lubumbashi humtambua padre aliyelelewa na Wabenedikti kwa jinsi anavyoimba, na yule wa Wasalesiani kwa jinsi anavyocheza mpira na vijana. Ni utani, lakini una ukweli wake.

Katika nchi ya shaba seminari haikuweza kujificha. Kampuni ya shaba ya Union Minière ilijenga kambi za wafanyakazi, misheni ikaendesha shule ndani ya kambi hizo, na serikali ikalinda zote mbili. Mvulana aliyeingia seminari akitoka kambini alikuwa mtoto wa kapita, fundi au mchimbaji, mwenye kujua king'ora cha kiwanda kabla ya kengele ya kanisa. Kwake saa haikuwa kitu kigeni. Kigeni kilikuwa kuambiwa kwamba saa hiyo ni ya Mungu.

Ni huku kusini ambako swali la Kaoze lilirudi kwa kishindo. Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba, alichapisha Élisabethville mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba Wabantu wana mfumo kamili wa fikra kuhusu uhai na nguvu, na kwamba mmisionari asiyeujua anahubiri hewani. De Hemptinne alikipinga kitabu hicho vikali, na Tempels akakaa Ubelgiji tangu 1946 hadi 1949. Jina lake limeenea dunia nzima. La Kaoze, aliyeligusa jambo hilo zaidi ya miaka thelathini kabla yake, na kwa lugha ya kwao akiwa nayo kinywani, hutajwa katika tanbihi. Mgawanyo huo wa sifa unasema mengi kuhusu nani alisikilizwa katika Kanisa la wakati ule.

Seminari iliacha alama pia kwa watu ambao haikuwapa daraja. Joseph Kiwele alizaliwa Mpala mwaka 1912 na kupita seminari ya Baudouinville bila kufika kwenye upadre. Alihamia Élisabethville akiwa na Kilatini kichwani na noti za muziki vidoleni. Mjini humo Mbenedikti Anschaire Lamoral alikuwa ameanzisha mwaka 1937 kwaya ya wavulana iliyoitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba, jina lililotokana na ile misalaba midogo ya shaba ambayo zamani ilitumika Katanga kama fedha. Kiwele alifundisha, akatunga misa kwa sauti na midundo ya nyumbani, na Katanga ilipojitenga mwezi Julai 1960 yeye ndiye aliyeutunga wimbo wake wa taifa na kuwa waziri wake wa elimu. Alifariki mwaka 1961. Mtu anaweza kuilaani siasa ya Tshombe, aliyeongoza kujitenga huko, na bado akakiri kwamba misa ya Kiafrika iliimbwa Élisabethville kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaifungulia mlango.

Kumbukumbu iliyoandikwa kwa kina kuliko zote kuhusu maisha ya seminari ya Katanga ni ya Valentin-Yves Mudimbe. Alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, baba yake akiwa mfanyakazi wa Union Minière. Akiwa bado mtoto alipelekwa seminari ndogo ya Wabenedikti, kwanza Kakanda kisha Mwera, nje kidogo ya Élisabethville. Kutoka hapo aliingia monasteri ya Gihindamuyaga, Rwanda, akavaa vazi la Mbenedikti. Mapinduzi na mauaji ya Rwanda ya mwaka 1959 na kuendelea, pamoja na nafasi ya Kanisa ndani yake, vilimtikisa. Akaondoka, akasoma katika vyuo vikuu vya Lovanium na Louvain, akarudi kufundisha chuo kikuu cha Lubumbashi katika miaka ya 1970, na hatimaye akahamia Marekani alikofariki mwezi Aprili 2025.

Mudimbe alieleza katika maandishi yake ya kumbukumbu kwamba alipofika umri wa miaka 18 alikuwa amegeuzwa kabisa: Kifaransa kilikuwa lugha ya fikra zake, Ugiriki na Roma ndizo zilizompa mifano, na kanuni za Kikristo ndizo zilizompimia mema na mabaya. Halalamiki. Anaeleza kwa utulivu jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, kwa ratiba, kwa ukimya, kwa kusoma, kwa mpangilio wa majengo na bustani. Kitabu chake cha mwaka 1994 kina neno bustani katika kichwa chake kidogo, na bustani hiyo anaiita ya Kiafrika kwa namna ya Kibenedikti. Katika kazi nyingine anarudi Mpala na kuisoma ramani ya misheni: kanisa mahali pake, shule mahali pake, karakana na mashamba mahali pake, kijiji cha kale kikiwa kimesukumwa pembeni. Kwake uongofu ulianza katika ardhi kabla ya kufika moyoni. Anayepita leo mbele ya misheni yoyote ya zamani ya Katanga akiwa na maneno hayo akilini ataona kwamba hayakutiwa chumvi.

Ushuhuda huu una mafunzo mawili yanayovutana, na haifai kulichukua moja na kuliacha jingine. La kwanza ni hasara. Mtoto aliyeondolewa kwao akiwa na miaka kumi alipoteza mlango wa mambo ambayo wazazi humfundisha kijana polepole, jioni baada ya jioni, na hakuna kozi ya anthropolojia inayoweza kuyarudisha. Riwaya yake ya mwaka 1973, *Entre les eaux*, inamwonyesha padre Pierre Landu, ambaye hapati mahali pa kusimama kati ya Kanisa na waasi wa msituni. La pili ni silaha. Kilatini, Kigiriki na nidhamu ya kusoma vilimpa Mudimbe uwezo wa kuyachambua maandiko ya Ulaya kuhusu Afrika kutoka ndani, neno kwa neno, kwa ukali ambao maprofesa wa Ulaya wenyewe hawakuutarajia. Hata baada ya kuiacha imani hakuiacha ratiba. Seminari ya Mwera ilimkosa padre, ikaipa Afrika mmoja wa wanafalsafa wake wakubwa, na vitabu vya hesabu vya jimbo havina safu ya kuandikia faida ya namna hiyo.

Wala yeye si wa peke yake. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa Kongo, alitoka seminari kubwa ya Kabwe, Kasai, mwaka 1939. Grégoire Kayibanda, rais wa kwanza wa Rwanda aliyechaguliwa, alipita seminari ya Nyakibanda. Katika nchi ambazo mkoloni hakumruhusu Mwafrika kwenda chuo kikuu hadi katikati ya miaka ya 1950, seminari kubwa ndiyo iliyokuwa chuo kikuu chenyewe. Ilifundisha mantiki, historia, hoja na ustadi wa kusema mbele ya watu. Waliovua kanzu walitoka na vitu hivyo, wakavipeleka ofisini, katika magazeti na katika vyama. Si wote walivitumia vizuri. Kayibanda ni ushahidi kwamba kusoma teolojia hakumkingi mtu dhidi ya siasa ya ukabila.

Uhuru ulifika miezi michache tu baada ya Kanisa kujipanga upya. Tarehe 10 Novemba 1959 vikarieti za Kongo zilifanywa majimbo kamili, na Élisabethville ikawa jimbo kuu chini ya Floribert Cornelis. Tarehe 29 Januari 1960 kijana mmoja wa Kipushi, Tharcisse Tshibangu, mwanafunzi wa teolojia Lovanium, alisimama mbele ya mkuu wa kitivo chake, Alfred Vanneste, na kutetea uwezekano wa teolojia yenye sura ya Kiafrika. Vanneste alijibu kwamba teolojia ni moja kwa watu wote. Mdahalo huo bado unafundishwa. Kaoze alikuwa ameuliza jinsi Wabantu wanavyofikiri. Tshibangu alikuwa anauliza kama fikra hizo zina haki ya kuketi mezani pa teolojia. Baadaye alikuwa mtaalamu katika Mtaguso, mkuu wa chuo kikuu, na askofu wa Mbuji-Mayi.

Kaskazini mwa Katanga uhuru ulikuja na damu. Tarehe 1 Januari 1962 askari walioingia Kongolo waliwaua Wabelgiji 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mmoja tu, Jules Darmont, alinusurika. Waseminari Waafrika waliokuwapo waliyaona mauaji ya walimu wao kwa macho yao, na walilazimishwa kuishughulikia miili iliyotupwa mtoni Lualaba. Historia za Kanisa huwataja mashahidi hao 20 kwa heshima inayowastahili, lakini hao wavulana hutajwa kwa sentensi moja. Walikuwa watoto wa nchi, walilelewa na waliouawa, na waliouawa waliuawa kwa jina la nchi hiyo. Mzigo huo waliubeba kimya.

Ghasia za kaskazini na mvuto wa mji mkuu wa shaba viliuhamisha uzito wa malezi. Baudouinville ilikuwa imekuwa mbali mno. Lubumbashi, iliyopata jina hilo rasmi mwaka 1966, ilikuwa na chuo kikuu tangu 1956, maktaba, uwanja wa ndege, hospitali na parokia za mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo ambamo frateri angeweza kujifunza kazi siku za Jumapili. Ndivyo mji ulivyopata seminari zake kubwa zinazotumikia majimbo yote ya kanda: falsafa Kambikila, teolojia Saint-Paul. Wasalesiani nao wana nyumba yao ya falsafa Kansebula na ya teolojia inayoitwa kwa jina la Mtakatifu Fransisko wa Sales. Jimbo kuu la Lubumbashi na majimbo saba yaliyo chini yake, Kalemie-Kirungu, Kamina, Kilwa-Kasenga, Kolwezi, Kongolo, Manono na Sakania-Kipushi, huwakutanisha vijana wao hapo. Mluba, Mbemba, Mtabwa, Mlunda na Mhemba wanalala bweni moja, wanagawana bukari na sombe, wanafundishwa kwa Kifaransa na kutaniana kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Katika mkoa uliojua kufukuzana kwa makabila mwanzoni mwa miaka ya 1990, bweni hilo ni fundisho kubwa kuliko baadhi ya kozi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya Oktoba 1965 kuhusu malezi ya mapadre, ulilegeza kuta. Kilatini kikarudi nyuma, Biblia ikasogea mbele, na kijana akatakiwa kuwajua watu atakaowatumikia. Njia ya leo ina hatua zinazojulikana: mwaka wa maandalizi ya kiroho, miaka ya falsafa, kipindi cha kazi parokiani, miaka ya teolojia, ushemasi, kisha upadre. Waraka wa Roma wa Desemba 2016 ulikazia kwamba mseminari anaundwa kama binadamu kabla ya kuundwa kama mhudumu wa altare, jambo ambalo mama yeyote wa Katuba angeweza kuwaambia maaskofu mapema zaidi.

Jaribu kubwa la seminari mpya lilitoka serikalini. Mwanzoni mwa 1972 utawala wa Mobutu, uliokuwa umepiga marufuku majina ya Kikristo, ulidai tawi la vijana wa chama chake, JMPR, liundwe katika kila seminari. Maaskofu walikataa. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alinyang'anywa makazi yake, akaenda Roma, akarudi miezi kadhaa baadaye. Mwishowe matawi yaliingia seminarini kwa masharti. Kwa nini dikteta mwenye jeshi aliwahangaikia wavulana wachache wenye kanzu? Alijua kwamba ndiyo shule pekee nchini ambayo mwalimu wake mkuu hakuteuliwa na yeye.

Lubumbashi ilikuwa na askofu mkuu mzalendo tangu 1967, Eugène Kabanga. Mwaka 1976 alitoa barua ya kichungaji iliyojulikana kwa kichwa chake cha Kifaransa, *Je suis un homme*, akiikemea tamaa ya fedha na udanganyifu vilivyokuwa vimeingia kila ofisi. Wamisionari wa de Hemptinne walikuwa wameketi meza moja na kampuni na serikali kwa nusu karne. Kizazi cha kwanza cha maaskofu waliotoka katika seminari za nchi kiliinuka kutoka mezani hapo katika muda wa miaka tisa. Anayetaka kujua kama gharama ya Mpala na Baudouinville ililipa, aanzie kwenye barua hiyo. Leo kiti cha Lubumbashi kimekaliwa tangu 2021 na Fulgence Muteba, aliyezaliwa Kongolo mwaka ule ule wa mauaji, 1962, na tangu 2024 yeye ndiye mwenyekiti wa baraza la maaskofu wa nchi nzima.

Kinachokosekana ni kumbukumbu za wenyewe kwa lugha ya wenyewe. Mwaka 1965 wafanyakazi wa nyumbani wa Élisabethville, wapishi na maboi, walimpa André Yav kazi ya kuandika historia ya mji wao kama walivyoiona kutoka jikoni, naye akaiandika kwa Kiswahili. Waseminari walikuwa wasomi kuliko watu wote wa rangi yao katika mji huo, na walichokiandika kuhusu maisha yao kiko karibu chote kwa Kifaransa, katika vitabu ambavyo mama zao wasingeweza kuvisoma. Wazee waliolala katika mabweni ya Lusaka, Kakanda na Mwera wanazidi kupungua. Waliopadirishwa na walioacha, waandike, au wamwite mjukuu mwenye simu awarekodi, na waseme kwa Kiswahili cha Katanga kama walivyokisema uwanjani kengele ikiwa bado haijalia.